Duka la mtandaoni limegoma: dalili, chanzo na namba za kuangalia

Maduka mengi ya mtandaoni yanayogoma hayana ubaya wa sura. Picha zinavutia, rangi zimetulia, nembo iko mahali pake. Mteja anafika kwenye kulipa, anakwama. Au analipa, na mwenye duka hajui kama kalipwa. Ukifuatilia nyuma unakuta chanzo ni siku ile ya kuchagua jukwaa, yaani programu ya kujengea duka: mtu alichagua kwa macho, suala la malipo akasema litajulikana mbele ya safari. Ndiyo maana hapa tunaanzia kwenye hela, mengine yatafuata.

Kabla hujagusa kitu chochote, pima kama mteja. Chukua simu ya kawaida, zima WiFi, washa bando, fungua duka kwenye dirisha fiche (incognito) la kivinjari, nunua bidhaa ya bei ndogo mpaka mwisho. Ukiwa umeingia kama msimamizi unaona duka lingine kabisa na lile analoliona mteja, na hapo ndipo watu wengi wanapoteza wiki nzima wakibishana na wateja wao. Piga picha ya skrini pale panapokwama. Chukua nakala ya akiba ya tovuti. Kisha badilisha kitu kimoja, pima. Badilisha kingine, pima. Ukibadilisha vitu vitano kwa mkupuo, hata likipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Bado huna duka, na kila jukwaa linaonekana zuri

Kama umefungua Shopify, Wix na WordPress kwa pamoja na unalinganisha templeti, umeanzia mwisho. Swali la kwanza ni mteja wako atalipaje. Kwa Tanzania jibu ni simu: M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas ambayo wengi bado tunaiita Tigo Pesa, HaloPesa. Kwa Kenya ni M-Pesa, kisha wengine. Majukwaa haya makubwa yalijengwa kwa kumfikiria mtu mwenye kadi, na hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika.

Shopify Payments, mfumo wa malipo wa Shopify yenyewe, haupo Tanzania wala Kenya. Utalazimika kuunganisha kampuni ya malipo ya nje, na ukiwa kwenye mpango wa Basic, Shopify inakata asilimia 2 ya kila mauzo kwa sababu hukutumia mfumo wao. Uza doti ya khanga kwa shilingi 20,000: 400 imeshaondoka kabla kampuni ya malipo haijakata yake. Stripe nayo, ambayo video nyingi za YouTube zinakuelekeza uiunganishe kana kwamba iko kila mahali, haimfungulii akaunti mfanyabiashara aliyesajiliwa Tanzania au Kenya.

Kwa hiyo anza na kampuni ya malipo, si jukwaa. Pesapal na DPO zinafanya kazi Kenya, Tanzania na Uganda. Selcom ni ya hapa Tanzania. Kenya unaweza pia kwenda moja kwa moja Safaricom kupitia Daraja, mfumo wake wa kuunganisha M-Pesa na tovuti. Wapigie, waulize: mna plagini rasmi, yaani programu ndogo ya kuongeza kwenye duka, ya jukwaa gani? Mnakata kiasi gani kwa kila mtandao? Hela inaingia benki baada ya siku ngapi? Andaa mapema TIN, leseni ya biashara na cheti cha usajili, maana usajili huu ndio unaochelewesha maduka mengi kuliko kazi ya kujenga. Majibu yao yatapunguza orodha yako ya majukwaa hadi mawili, pengine moja.

Ukibaki na Shopify na WooCommerce, uamuzi unategemea nani atalihudumia duka. WooCommerce ni plagini ya bure ya WordPress, lakini bure hiyo ina gharama zake: hostingi (nafasi ya kuweka tovuti), domeini (jina la tovuti), na mtu wa kusasisha plagini bila kuvunja kitu. Kama mtu huyo yupo, hata awe mpwa wako anayesoma kompyuta, chukua WooCommerce. Inakupa uhuru mkubwa wa kuunganisha malipo ya kwetu. Kama hayupo, lipa ada ya Shopify ya kila mwezi. Jua tu kwamba ada hiyo ni ya dola na inakatwa kwenye kadi. Duka la Shopify likifungwa ghafla bila kosa lolote, kabla ya kumlaumu fundi tazama kama kadi ile ya mtandaoni uliyoitengeneza kwenye simu ilikuwa na salio siku ya kukatwa.

Wix ni rahisi kupanga, unaburuta na kuachia. Ila tovuti ya Wix haihamishiki kwenda kwenye seva nyingine. Siku ya kuhama utatoka na orodha ya bidhaa kwenye faili la CSV (jedwali), kurasa na sura yake utaanza upya.

Na kama oda zako zote zinaingia WhatsApp na bado unazimudu, usijenge kitu. Katalogi ya WhatsApp Business inabeba hadi bidhaa 500. Weka bei waziwazi, achana na mambo ya "bei njoo inbox", weka Lipa Namba, uza. Duka la mtandaoni lijengwe meseji zinapoanza kukupita.

Njia ya malipo haionekani kabisa

Hili linawasumbua sana watu wa WooCommerce. Umeweka plagini ya M-Pesa, umejaza funguo zote (nywila za kuunganisha duka na kampuni ya malipo), kwenye mipangilio inaonyesha imewashwa. Unafungua ukurasa wa kulipa: hakuna kitu, au kuna maneno kwamba hakuna njia ya malipo iliyopo. Mtu anafuta plagini, anaiweka tena, anaomba funguo mpya, anaiweka tena.

Mara nyingi plagini haina kosa. Kuanzia toleo la 8.3 la WooCommerce, lililotoka Novemba 2023, maduka mapya yanakuja na ukurasa wa kulipa uliojengwa kwa bloku, yaani vipande vya kupanga. Plagini nyingi za malipo za ukanda wetu ziliandikwa kwa ajili ya ukurasa wa zamani, na hazijaguswa tangu hapo. Kwenye ukurasa wa bloku hazitokei, na wala hazilalamiki. Zinakaa kimya tu.

Fungua ukurasa wa Checkout kwenye mhariri wa WordPress. Ukibofya fomu na kuona imegawanyika vipande vipande, anwani kipande chake, usafirishaji kipande chake, hiyo ni ya bloku. Iondoe yote, weka bloku ya Shortcode, ndani yake andika [woocommerce_checkout], hifadhi. Rudi kwenye dirisha fiche, weka bidhaa kikapuni, endelea hadi kulipa. M-Pesa ikijitokeza, umemaliza. Sura ya ukurasa itarudi nyuma kidogo kwa urembo, na mimi naona hiyo ni bei nafuu kwa duka linalopokea hela.

Bado haionekani? Tazama sarafu. Baadhi ya plagini za M-Pesa ya Kenya hujificha kama duka limewekwa dola badala ya KES. Na ukiwa hapo hapo kwenye sarafu, shusha desimali ziwe sifuri. WooCommerce huja na desimali mbili, Daraja inapokea namba kamili tu. Siku utakapotoa punguzo la asilimia na jumla ikawa 1,349.50, ombi litakataliwa, na utashangaa kwa nini baadhi ya oda zinalipika na nyingine hazilipiki.

Mteja anasema hajaona ujumbe wa kuweka namba ya siri

Usimuulize mteja mara kumi; kaulize mfumo. Kila ombi la M-Pesa kupitia Daraja linarudi na namba ya matokeo, na plagini nzuri inaiandika kwenye maelezo ya oda au kwenye kumbukumbu zake.

1032 maana yake mteja alighairi mwenyewe. Namba hii ikijirudia sana, angalia jina la biashara linalotokea kwenye simu. Mtu akiona jina asilolifahamu anaogopa, anabonyeza kataa, na ana haki. 1037 ni kwamba simu haikupatikana au mteja hakujibu kwa wakati: imezimwa, mtandao hafifu, au alikuwa bado anatafuta miwani. 2001 ni namba ya siri iliyokosewa. 1 ni salio halitoshi, na hapo huna la kutengeneza.

Kama hakuna namba yoyote, huenda ombi halikutoka dukani au lilikataliwa mapema. Chanzo cha kwanza cha kuangalia ni jinsi namba ya simu ilivyoandikwa. Mteja anaandika 0722, Daraja inataka 254722. Plagini nyingine zinageuza zenyewe, nyingine hazigeuzi. Tanzania nako, kampuni nyingi zinataka 255 mbele bila alama ya kujumlisha. Andika mfano ndani ya kisanduku cha namba ili mteja aufuate, na kama plagini inaruhusu, iache ikubali mitindo yote.

Na kama kwenye mipangilio yako kuna namba 174379, bado uko kwenye mazingira ya majaribio ya Daraja. Hiyo ndiyo namba ya mazoezi wanayopewa watengenezaji wote. Funguo za majaribio na za biashara halisi ni tofauti, na kubadilisha namba bila kubadilisha funguo hakusaidii.

Hela imekatwa, oda inasema bado haijalipwa

Hii ndiyo inayovunja imani. Mteja ana ujumbe wa M-Pesa mkononi, wewe una oda inayosema "Pending payment", na bodaboda amesimama mlangoni.

Kinachotokea ni hiki. Duka linatuma ombi, mteja anaweka namba ya siri, kampuni ya malipo inakata hela, kisha inapaswa kurudi kugonga anwani maalumu ya tovuti yako na kusema "huyu kalipa". Hodi hiyo haikufika, au ilifika ikafukuzwa. Fuatilia kwa mpangilio huu:

Kwanza, anwani hiyo lazima ianze na https na cheti cha usalama kiwe hai. Anwani ya kompyuta yako ya nyumbani haitafikika.

Pili, ulibadilisha domeini au kuongeza www hivi karibuni? Anwani ya zamani bado iko kwa kampuni ya malipo. Ukitumia C2B ya Daraja (mteja kulipa mwenyewe kwenye namba yako ya biashara), kuna mtego mwingine: mwongozo wao unakataza maneno kama mpesa au safaricom ndani ya anwani unayosajili, na watu wengi kwa ukarimu huita folda yao hivyo hivyo.

Tatu, plagini ya ulinzi. Zipo zinazozuia maombi yanayotoka nje ya nchi au yasiyo na sura ya kivinjari. Seva ya kampuni ya malipo haina sura ya kivinjari. Zima ulinzi kwa dakika chache, fanya malipo ya shilingi ndogo, tazama kama oda inabadilika. Ikibadilika, usiuache umezimwa. Ruhusu tu anwani za IP za kampuni hiyo, watakupa orodha ukiwaomba.

Wakati unatafuta chanzo, thibitisha malipo kwenye taarifa ya akaunti yako ya biashara, si kwenye picha ya ujumbe aliyotuma mteja. Ujumbe wa kughushi ni rahisi kutengeneza kuliko chapati.

Oda zinajifuta zenyewe

Asubuhi unakuta oda za jana usiku zimeandikwa "Cancelled" na hakuna aliyezigusa. WooCommerce inashikilia bidhaa za oda isiyolipwa kwa dakika 60 tu, kisha inaifuta ili bidhaa irudi kwenye stoo. Nenda kwenye mipangilio ya bidhaa, sehemu ya stoo, kipengele cha Hold stock, uongeze muda au uache wazi. Kama wateja wako huagiza usiku na kulipa asubuhi wakishaweka hela kwa wakala, dakika 60 hazitoshi. Lakini angalia pia kama si ile dalili ya juu iliyovaa nguo nyingine: mteja alilipa, hodi haikufika, saa ikapita, oda ikafutwa.

Kikapu kinamwagika, au kinaonyesha vitu vya mtu mwingine

Kashe. Ili tovuti ifunguke haraka, seva inahifadhi nakala za kurasa na kuzigawa kwa kila anayekuja. Kwa ukurasa wa bidhaa ni sawa, kwa kikapu ni balaa. Kwenye plagini ya kashe, na kwenye kashe ya hostingi pia kama ipo, toa nje kurasa tatu: kikapu, kulipa, na akaunti ya mteja. Futa kashe yote, jaribu kwa simu mbili tofauti.

Mteja wa Kigamboni anatozwa nauli ya Mwanza

WooCommerce inasoma kanda za usafirishaji kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye ya kwanza inayomfaa mteja. Ukiweka kanda ya "Tanzania" juu na "Dar es Salaam" chini yake, hakuna atakayeifikia ya Dar. Buruta ile ndogo ipande juu.

Kama mfumo unasema hakuna usafirishaji kwa anwani hiyo, aidha mkoa wa mteja hauko kwenye kanda yoyote, au kanda ipo lakini haina njia ya kusafirisha ndani yake. Na kama fomu inamlazimisha mteja kujaza msimbo wa posta, iondolee ulazima. Msimbo upo kisheria, lakini mteja anajua "mkabala na msikiti, geti la bluu". Mpe kisanduku cha kuandika hivyo, na cha jina la basi au kituo kwa mizigo ya mikoani.

Domeini: tovuti haifunguki, au imefunguka na barua pepe zimekufa

Umeunganisha domeini leo na mwenzako anaiona, wewe huioni. Subiri. Mabadiliko ya DNS, orodha inayoelekeza domeini kwenye seva yake, yanaweza kuchukua hadi saa 48 kuenea, ingawa mara nyingi ni saa chache. Jaribu kwa mtandao mwingine kabla hujaanza kubadilisha tena, maana kila ukibadilisha unajiongezea kusubiri.

Ikipita siku mbili, tazama rekodi zenyewe, yaani mistari ya orodha hiyo. Kwa Shopify, rekodi ya A (anwani ya seva) inapaswa kuelekea 23.227.38.65, na CNAME (jina linaloelekezwa kwenye jina jingine) ya www iende shops.myshopify.com. Ukikuta rekodi mbili za A, moja ya hostingi ya zamani, futa ya zamani. Duka linalofunguka leo na kesho likagoma huwa na rekodi mbili. Rekodi ya AAAA (anwani ya seva ya aina mpya, IPv6) iliyobaki kutoka hostingi ya zamani nayo huzuia cheti cha usalama kisitoke, na tangu Julai 2018 Chrome humwambia mgeni wazi kwamba tovuti ya http si salama. Hakuna atakayeandika namba yake ya simu hapo.

Barua pepe za ofisi kufa siku ileile ya kuunganisha duka kuna chanzo kimoja: ulihamisha nameserver zote (seva zinazoshika orodha ya DNS) badala ya kubadilisha rekodi mbili, na rekodi za MX (zinazoelekeza barua pepe) hazikuhama. Zipate kwa mtoa huduma wa barua pepe, ziandike mahali papya.

Na taarifa za oda zinapoishia kwenye spamu, usimwambie mteja "angalia spamu" kila siku. WordPress hutuma barua pepe kupitia seva ya hostingi, na tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekuwa wakali kwa barua zisizo na uthibitisho wa mtumaji. Weka plagini ya SMTP, inayotuma kupitia seva halisi ya barua pepe, tumia anwani ya domeini yako badala ya ile ya gmail.com, weka rekodi za SPF na DKIM zinazomthibitisha mtumaji.

Duka ni zito

Picha. Kamera ya simu inatoa picha ya megabaiti nne, ukiweka ishirini kwenye ukurasa mmoja umemla mteja bando. Zipunguze upana hadi pikseli 1,200 hivi, zihifadhi kwa WebP (muundo mwepesi wa picha), ondoa slaidi inayojizungusha juu ya ukurasa wa kwanza. Ikibaki nzito baada ya hapo, hostingi ndiyo dhaifu.

Skrini nyeupe au ujumbe wa kosa kubwa baada ya kusasisha

Angalia barua pepe ya msimamizi. Tangu toleo la 5.2, WordPress hutuma kiungo cha kuingia kwa njia ya uokoaji na kutaja plagini iliyosababisha. Kama barua haikuja, ingia kwenye hostingi, fungua kidhibiti cha mafaili, nenda wp-content, kisha plugins, badilisha jina la folda ya plagini uliyosasisha mwisho. Tovuti itaamka. Kuanzia hapo usisasishe siku ya mauzo makubwa.

Wewe unaliona duka, Google na wateja hawalioni

Shopify huweka duka jipya nyuma ya nenosiri hadi uliondoe. WooCommerce mpya ina hali ya "Coming soon" ambayo msimamizi haimzuii, mgeni inamzuia. WordPress ina kisanduku cha kuziambia injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti, na mafundi hukiweka alama wakati wa kujenga kisha wakasahau. Ondoa vyote vitatu, sajili duka Google Search Console, wasilisha ramani ya tovuti.

Fundi hapatikani na hakuna mwenye nenosiri

Tafuta kwanza domeini imesajiliwa kwa jina la nani. Ikiwa .co.tz au .co.ke, mwombe msajili aliyeiuza akuambie barua pepe iliyoko kwenye akaunti. Ikiwa ni ya fundi, anza kumtafuta leo, si siku ya kuisha muda wake, kwa sababu mwenye akaunti ndiye anayeweza kuihamisha. Ukiwa na domeini na hostingi mkononi, nenosiri la WordPress linabadilishwa kwenye hifadhidata kwa dakika tano. Kwa Shopify, umiliki wa duka unahamishwa na mmiliki aliyesajiliwa, kwa hiyo wakati wa kufungua duka jipya tumia barua pepe yako, na fundi mpe akaunti yake ya pembeni, ambayo unaweza kuifunga.